Udongo Laini

Mzizi ulisimama asubuhi, jua likiwa halijapenya migomba, na Aikande Urassa akajua papo hapo kwamba siku imeharibika.

Alikuwa amechuchumaa katikati ya kihamba cha Bibi Ndewirwa, shamba la migomba linalozunguka nyumba yake, fimbo ya kusikilizia ameikita ardhini, kisikizi sikioni. Tangu alfajiri alikuwa akiusikia mzizi ukisaga udongo chini ya miguu yake, taratibu na bila kuchoka, kama mbuzi anayetafuna majani. Sasa kimya. Alisogeza fimbo hatua moja mbele, akasikiliza. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Kimya kilekile.

"Usinifanyie hivyo leo," aliuambia. "Leo ulikuwa unakwenda vizuri."

Serikalini walimwita mwongozaji wa miundombinu hai. Yeye alijiita mchungaji, jina ambalo mchungaji wa usharika wa Lyarongo hakulipenda hata kidogo. Lakini hakukuwa na neno jingine la kazi ile. Kutwa nzima alitembea juu ya kitu kilicho hai, akikisikiliza, akikibembeleza kiende watu wanakotaka kabla hakijaamua kwenda kinakotaka chenyewe. Ganda la mzizi lilikuwa uyoga uliofugwa. Kitaluni, huko chini mjini, waliulisha uji wa madini, na kadiri ulivyokua ulijifuma nyuzi za shaba za kupitisha umeme na nyuzi za kioo za kupitisha sauti na picha. Haukuhitaji mtaro wala jembe. Ulipandwa kituo cha chini, ukapanda mlima wenyewe.

Ulikuwa na ubaya mmoja tu. Ukisimama kutwa, ncha yake hukomaa ikawa ngumu kama pembe, na mzizi uliokomaa hauamki tena. Inabidi kuanza upya kutoka kituo cha chini, na msimu wa kupanda ulikuwa umeshapita.

Juu ya kichwa cha Aikande nyaya za zamani zilikuwa bado zinaning'inia kutoka nguzo hadi nguzo, zimelegea, moja imelalia kabisa majani ya mgomba. Ndizo zilizoangushwa na pepo za vuli mwaka juzi zikamuua Mwalimu Anaeli wa kwaya, kwenye njia ya kanisani, vitabu vya nyimbo vikiwa kwapani. Tangu hapo hakuna mtu Lyarongo aliyepita chini ya waya bila kuangalia juu. Zahanati nayo ilikuwa ikizimiwa umeme kila mawingu yanapokusanyika. Ndiyo maana mzizi ulipofika, watu waliupokea kwa vigelegele, na akina mama wakamgombania Aikande nani atamlisha.

Bibi Ndewirwa alishinda ugomvi huo. Kila siku alimletea mtori wa moto, supu nzito ya ndizi, ndani ya bakuli lenye kifuniko, akasimama hapohapo mpaka limalizike. "Umekonda kama hizo nguzo," alikuwa akimwambia. "Kula, mjukuu wangu. Huwezi kuchunga kitu hai wewe mwenyewe umekufa njaa."

Aikande alitoa kioo chake cha mkononi, akaiamuru fimbo itume mwangwi chini. Akasubiri picha ijichore.

Ilijichora polepole, mstari kwa mstari, na ilipokamilika akakaa chini kwenye majani makavu.

* * *

Kosa lilianzia mbali. Wataalamu waliouzaa mzizi waliufundisha kupenda udongo laini, na walipoujaribu kule mabondeni kwenye mashamba ya mpunga ulikwenda kama maji. Hawakufikiria kwamba kuna nchi ambako kila mji, yaani kila familia, unazika watu wake nyumbani, ndani ya shamba lake, kizazi juu ya kizazi. Mlimani ardhi ni mawe na mizizi ya miti. Udongo laini ni ule uliowahi kuchimbwa, na unaochimbwa kwenda chini kiasi hicho ni wa kaburi. Mzizi wa kwanza kuletwa Uchaggani ulipita makaburini kana kwamba umetumwa huko. Tena ulikula, kwa sababu mzizi unapenda chokaa, na mifupa ni chokaa.

Wakaufundisha upya. Sasa ukigusa mfupa husimama na kungoja amri. Na kabla haujaingia katika kihamba chochote, mchungaji huzunguka na mwenye mji, akaonyeshwa kila kaburi, lenye msalaba na lisilo na msalaba, yakaingizwa kwenye ramani, na mzizi ukafundishwa kuyakwepa.

Bibi Ndewirwa alikuwa amemzungusha Aikande kihamba chote, akimtambulisha kwa marehemu kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa wakwe. Huyu ni babu mkubwa. Huyu ni shemeji, alipenda pombe ya mbege kupita kiasi. Wote wanatazama Kibo, unaona? Kibo yenyewe, kilele cha Kilimanjaro, haikuwa na theluji tena, ilikuwa mwamba mtupu wa kijivu, lakini wafu wa Lyarongo waliendelea kulazwa nyuso zikiielekea. Kwenye kaburi la mumewe, Mzee Ndemasi, alikaa kidogo akang'oa magugu. Alipofika kaburi moja lililojitenga kule kando ya mfereji, alinyoosha kidole bila kusimama.

"Mama mkwe. Nsia. Alikataa kulazwa na mumewe, akataka huku peke yake. Mkaidi mpaka kufa. Twende."

Aikande hakuuliza. Sauti ile ilikuwa ya kufunga mlango.

Na sasa, ubavuni mwa kaburi hilo la Nsia, karibu kiasi kwamba mtu aliyelala humo angeweza kunyoosha mkono akagusa, mzizi ulikuwa umekuta kaburi jingine. Lilikuwa dogo mno.

"Dada Aikande," sauti ya Mhandisi Kileo iliita kisikizini, kutoka kituo cha chini. "Mbona mnyama wetu amelala?"

"Amekuta kaburi."

"Si ulizunguka na mwenye mji?"

"Hili hakunionyesha. Ni la mtoto, Mhandisi. Mchanga kabisa. Sidhani kama alipata kunyonya."

 Aikande alimsikia Kileo akivuta kiti, akikaa.

"Unaweza kuupinda?"

"Kulia kuna kaburi la mama mkwe wa bibi. Kushoto kuna mwamba wa mfereji. Nimeshapima."

"Na ukipita hapo hapo?"

"Ukipita utakula. Mifupa ya umri huo haitabaki hata chembe."

 Kileo aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mzizi umeandika umekuta kitu gani?"

"Bado. Unaningoja mimi."

"Basi andika ni shimo la mgomba. Watu wanang'oa migomba kila siku, mashimo yamejaa kote huko."

"Mhandisi."

"Nisikilize kwanza. Mimi sina moyo wa jiwe. Mimi ndiye niliyemtoa Mwalimu Anaeli chini ya waya ule, kwa mikono hii. Vuli inakuja. Mzizi ukifa hapo, nyaya zinabaki juu mwaka mwingine mzima, na sijui safari hii zitamwangukia nani. Mwenye mji mwenyewe hajui kama kuna kaburi. Hatapoteza kitu ambacho hakujua anacho." Akapumua. "Sikuamuru. Nakuambia tu jinsi ninavyoona. Una mpaka jioni, kisha ncha inakomaa."

Ubaya ni kwamba hakuwa amesema upuuzi. Aikande alibaki na kioo magotini, kidole juu ya alama ya mgomba. Mgomba, kisha sawa, kisha mzizi utaamka na kusaga, na jioni utakuwa umevuka mpaka. Hakuna atakayelia. Alifikiria waya ulioning'inia juu ya kichwa chake. Alifikiria pia bakuli la mtori, na yule mwanamke anayesimama pembeni kuhakikisha limekwisha.

Alijaribu kujiona akila mtori ule kesho, akijua. 

Akaizima picha, akasimama, akajikung'uta majani makavu.

* * *

Bibi Ndewirwa alikuwa jikoni akimenya ndizi, miguu ameinyoosha, maganda yakirundikana kwenye beseni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umewahi leo, mtori haujaiva." Kisha akamtazama usoni. "Umevunja nini?"

"Sijavunja, Bibi. Nimekuta kitu, na sijui kama unapenda kukisikia. Ningeweza kunyamaza. Nimeona si haki yangu."

"Kaa basi. Mtu hasemi maneno kama hayo akiwa amesimama."

Aikande akakaa kwenye kigoda. Akamweleza bila kuzunguka: mzizi umesimama kando ya mfereji, ubavuni mwa kaburi la mama mkwe, na pale umekuta kaburi jingine ambalo halipo kwenye ramani.

Kisu kilisimama katikati ya ndizi.

"La mtu mkubwa?"

"Hapana, Bibi."

"Mdogo kiasi gani?"

 Aikande akaonyesha kwa mikono, kiganja kimoja hapa na kingine pale. Nafasi ya katikati ilikuwa ndogo hata yeye mwenyewe akaona aibu kuionyesha. Bibi Ndewirwa aliitazama mikono ile.

"Shusha," alisema. "Nimeshaona. Ni wangu."

Aliweka kisu chini. Akafuta viganja vyake kwenye kanga, upande mmoja, upande wa pili, akarudia tena.

"Alikuwa wa kwanza. Kabla ya mwanangu Elinami, kabla ya wote. Mume wangu alikuwa safarini, mvua inanyesha, njia imekatika, tupo wawili tu humu ndani, mimi na mama mkwe. Nikazimia. Nilipozinduka nyumba imefagiwa, moto unawaka, mtoto hayupo. Nikamtazama, akatikisa kichwa. Basi. Hakusema kitu, na siku zile mtoto wa namna hiyo hakuliliwa. Ulikunywa mtori wako ukanyamaza."

"Hukumuuliza?"

"Ningeuliza nini? Nilimwona mikono yake ina matope, na kanga yake imelowa mpaka kiunoni. Nikajua amemtupa mferejini." Alilisema neno hilo taratibu, kwa sauti iliyozoea kulibeba. "Nimekaa naye nyumba moja mpaka anakufa. Nilimpikia, nilimwogesha alipozeeka, hakuna aliyewahi kunilaumu. Lakini machoni sikumtazama tena. Na mfereji ule, mjukuu wangu, sijawahi kuyanywa maji yake. Natuma watoto wakateke kwingine."

 Aikande akatoa kioo chake, akakishika kwa wasiwasi.

"Nina picha yake. Ya mwangwi tu, si kamili. Ukitaka..."

"Sitaki kioo. Niambie kwa mdomo. Yukoje?"

Akamwambia. Amelala ubavu, magoti yamekunjwa kifuani. Pande zote amezungushiwa mawe, mawe bapa ya mfereji yaliyolainishwa na maji, yamepangwa bila kuacha upenyo. Juu yake kuna jiwe moja pana, limeinuliwa kidogo na yale ya pembeni ili lisimguse. Na uso wake umeelekezwa juu, mlimani.

"Anatazama Kibo?"

"Anatazama Kibo, Bibi. Sawasawa kabisa, kama hao wengine uliowaonyesha."

 "Hayo mawe," Bibi Ndewirwa alisema, "yapo chini ya maji. Lazima uingie mferejini mpaka kiunoni kuyatoa. Kwa mvua ile." Akainuka nusu, akakaa tena. "Na kule alikokataa kulala na mumewe. Ukoo mzima ulimgombeza. Wakasema amerukwa na akili, anataka kulazwa kama mgeni. Hakujibu hata mtu mmoja. Alisema tu, mniweke kule."

Akalia. Alilia kwa sauti, wazi, kama mtu aliyefiwa asubuhi ile ile, na Aikande alihama kigoda akakaa chini kwenye majivu kando yake, akamshika bega, naye akilia bila kuona haya.

* * *

Ndizi zilibaki nusu zimemenywa. Adhuhuri walishuka wote wawili hadi kando ya mfereji, Bibi ameegemea fimbo ya kusikilizia maana ndiyo iliyokuwa karibu. Hakukuwa na cha kuona, majani tu na udongo mweusi. Hata hivyo Bibi Ndewirwa aliinama akaweka kiganja pale Aikande alipomwonyesha, akakiacha hapo.

"Na mdudu wako?" aliuliza bila kugeuka. "Unataka apite hapa?"

"Hapiti hapa. Nimeshaamua kabla sijaja kwako. Ukisema basi, namwacha akomae, na Mhandisi nitamalizana naye mwenyewe."

"Na nyaya?"

Aikande akatazama juu kidogo. "Zitabaki. Mpaka msimu mwingine."

"Anaeli alikuwa mtoto wa dada yangu," Bibi alisema. "Hakuna njia nyingine kabisa? Huyu mdudu hajui kugeuka?"

"Kurudi nyuma hawezi. Lakini akipashwa joto mgongoni kabla ncha haijakomaa, huchipua tawi. Tatizo ni pa kulipeleka hilo tawi, Bibi. Kihamba chako kina watu wengi chini kuliko juu. Udongo laini usio na mtu ni ule wa kule juu tu, kando ya Mzee Ndemasi. Palipozungushiwa miti ya masale."

 Pale palikuwa pa Bibi Ndewirwa. Alikuwa amepachimba zamani na kupajaza tena, ili wanawe wasije wakahangaika na mawe siku yake ikifika. Mahali mtu alipojitengea palilindwa na sheria sawa na kaburi, na Aikande alikuwa amepaingiza kwenye ramani kwa mkono wake.

Bibi alikaa na kiganja chake ardhini. Kuku walipita, wakaparua, wakaondoka.

"Pitisha huko," alisema.

"Bibi, ngoja kwanza. Mzizi ukishapita, pale hapachimbiki tena. Si kesho wala si milele. Huwezi kuja kulazwa na mzee."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Na wanao watasema mimi ndiye niliyekushawishi."

"Watasema. Mama yao mkaidi, watasema. Wameshazoea ukoo huu kuwa na mwanamke mkaidi." Aliinuka kwa kujivuta, akajishika kiuno, akacheka kidogo machozi yakiwa bado shavuni. "Ndemasi alinikoromea sikioni maisha yake yote. Mwache apumzike, na mimi nipumzike. Mimi mtanilaza hapa. Kuna nafasi upande huu wa kichwani pa mtoto, au imejaa?"

Aikande alipima, ingawa alikuwa anajua. "Ipo. Inakutosha."

"Basi fanya kazi yako, jua linakwenda."

Aliifanya. Alirudi hatua kadhaa kwenye njia ya mzizi, akakita fimbo, akauwasha moto wake wa chini polepole, akibembeleza. Kwa muda hakusikia kitu, akaanza kuogopa kwamba amechelewa. Kisha kisikizini kikaja kimlio chembamba cha ganda linalopasuka, na baada yake, kwa mbali, kusaga.

"Mhandisi," aliita. "Ameamka. Ametoa tawi, tunapanda juu kwa Mzee Ndemasi. Mwenye mji ametupa mahali pake."

"Mahali pake?" Kileo alishtuka. "Pake yeye mwenyewe?" Kisha akauliza: "Na kule mferejini umeandika nini?"

"Kaburi. Liwekee ulinzi wa milele."

"Ramani inataka jina."

Aikande alimgeukia Bibi, akamuuliza. Bibi alifikiri kidogo. "Hakuwahi kuitwa. Andika mtoto wa Ndewirwa. Inatosha, mimi namjua."

"Nimeandika," Kileo alisema. Sauti yake haikuwa kavu kama asubuhi. "Mwambie bibi... mwambie shikamoo."

Kazi ilipokaa sawa, Bibi Ndewirwa alimwomba Aikande akamkatie sale mpakani, jani bichi, refu, lisilo na kovu. Aikande aliona ni jambo la haki. Sale hupandwa mpakani na huwekwa makaburini, na mtoto huyu hakuwahi kuwekewa kitu. Akachagua jani zuri kuliko yote, akalifuta vumbi kwa kanga yake, akalileta.

Bibi alilipokea kwa mikono miwili. Akapita palipolala mtoto bila kusimama. Akaenda hadi kaburi la pili, akapiga magoti kwa shida mbele yake, na hapo ndipo Aikande alipokumbuka kwamba Mchagga hubeba sale pia anapokwenda kumwomba mtu msamaha, na aliyeletewa hawezi kukataa.

Aikande akakitoa kisikizi sikioni, akageuka kuelekea mlimani ili asiwe mtu wa kusikiliza. Lakini mahali palikuwa pametulia, na alisikia.

"Mae Nsia, mama yangu," Bibi Ndewirwa alisema, "ni mimi. Ulimlaza vizuri. Nami sikukuuliza."